Jumamosi Nafunikwa Shuka, na Sufuri Yetu ni ya Uongo

Admin, nifiche kabisa tafadhali. Mama mkwe wangu mtarajiwa ndiye hukomenti wa kwanza hapa kila asubuhi.

Mimi ni msichana wa miaka thelathini na moja, nakaa Makongeni hapa Thika, na nasomea fizikia mpaka ile digrii ya mwisho. Msikimbie, sitawapea hesabu. Mchumba wangu, tumwite K, pia ni wa fizikia, kwao ni Membley kule Ruiru. K ni mtu wa nadharia. Anakaa na kalamu yake anakuambia kitu fulani kinafaa kuwa hivi. Mimi ndiye huingia maabara kuangalia kama kweli kiko hivyo. Watu husema tumeumbiwa kila mmoja mwenzake, na mimi nilikuwa naitikia amina.

Sasa, kuna kitu wanasayansi dunia nzima wanakimbizana nacho: kitu cha kupitisha stima bila kupoteza hata kidogo njiani, na bila kupozwa kupita kiasi. K alipiga hesabu akasema mchanganyiko fulani wenye shaba utaweza. Nikaupika kwa tanuri, nikakata kipande kama punje ya mchele, nikakibandika nyaya nne nyembamba kama nywele. Mbili za kuingiza stima, mbili za kusoma ni ngapi inapotea. Tukakipoza. Mashine ikashuka, ikashuka, ikasoma sufuri. Ngai! K alinibeba juu juu mpaka kiatu kikanitoka. Nililia kwa furaha, sitadanganya.

Nilimwambia tupime kipande kingine kwanza. Akasema, "Babe, unangoja nini na hesabu ilishasema?" Tukaitundika hiyo kazi yetu kwa mtandao, pale wanasayansi huonyeshana kazi kabla haijakaguliwa. Haikukaa, profesa wa ng'ambo akamwandikia: njoo, kazi iko, na mke wako tutamtafutia nafasi. Kanisani tuliitwa mbele tukaombewa. Baba yangu, mtu wa kiwanda maisha yake yote, anaambia kila mtu ati binti yake amevumbua stima isiyoisha. Nikimsikia siku hizi natoka nje.

Kwa sababu nilirudia. Mimi kitu kikiniwasha siwezi kukaa. Nilipika vipande vipya, nikabandika nyaya upya, hakuna sufuri. Nikapika tena, hakuna. Nikarudi kwa kile cha kwanza, nikakipoza polepole nikitazama na darubini. Woiye. Waya moja ya kusoma ikipata baridi inajikunja, inagusa mwenzake. Zikigusana hizo mbili, mashine lazima isome sufuri, hata ungeweka kipande cha msumari pale. Hatukuvumbua kitu, jameni.

Nilimwita K aje ajionee. Alitazama, akatazama tena.

"Si lazima hiyo iwe ndiyo sababu," akasema.

"K, waya imegusa. Umeona na macho yako."

"Nimeona. Lakini hesabu iko sawa. Labda hivyo vipande vyako vipya havikuiva. Wacha tufike huko kwa vyombo vizuri, tutarekebisha tukiwa huko."

"Basi mwenzangu wa maabara achanganye vipande, vyetu na vya shaba tupu, nipime bila kujua ni kipi. Tuone."

Haiya, alikasirika! "Kwani huniamini? Wiki ya ngurario yetu ndiyo umechagua kuniangusha?" Akachukua koti akaenda.

Tangu hapo situlii. Naweka chai, nasahau, inafurika. Naenda sokoni narudi bila nilichoendea. Jina langu liko kwa hiyo kazi pia, kwa hivyo nimeandika ujumbe wa kuiondoa kwa mtandao, nimebakisha kubonyeza tu. Nafungua simu, naisoma, nafunga. Nimemwambia mama yangu, akashika kiuno. "Mtu anaacha mume juu ya waya? Hiyo waya itakuzalia watoto?"

Halafu jana K akanitumia ujumbe, wa kwanza tangu tukosane. Kwa wasiojua, kwa ngurario, arusi yetu ya kimila sisi Wakikuyu, bibi arusi hufunikwa shuka pamoja na wasichana wengine, kichwa mpaka miguu, na bwana arusi anafaa kumtambua wake. Akikosea anachekwa na anatozwa mbuzi. K ameandika: "Jumamosi paka kidole kikubwa cha mguu rangi nyekundu, ukitoe kidogo kwa shuka. Sitaki aibu mbele ya wazee."

Najua ni kawaida. Dada zangu walifanya hivyo, tukacheka mpaka machozi. Wiki tatu nyuma na mimi ningecheka. Lakini nilisoma huo ujumbe nimesimama kwa mlango wa maabara, nikasikia baridi. Huyu mwanaume hataki kupima kitu chochote kabla aambiwe jibu. Hata mimi! Miaka hii yote, si anajua nikisimama ninaegemea upande gani? Si anajua hata mabega yangu?

Nampenda, hiyo ndiyo shida. Nikiondoa hiyo kazi kabla ya Jumamosi, ng'ambo imeisha, na sioni K akikuja na wazee wake kwa mtu amemwaibisha. Nikinyamaza, nitapanda ndege na uongo, nitalala nao kitanda kimoja, na kuna watu mahali wanapoteza jasho wakitafuta sufuri yetu.

Mlio kwa ndoa, na nyinyi wanaume pia, niambieni bila kunibembeleza. Simu iko hapa mezani, na rangi nyekundu nimeshanunua, iko kando yake. Nibonyeze, ama nipake?