Ua wa Torkild

Torkild Brask alistaafu kazi ya bustani kwenye makaburi yetu ya zamani hapa Kopenhagen akiwa hajaoa, ila kaburi alikuwa nalo. Alilipata kwa utaratibu wa kawaida: unatunza kaburi la mtu wa kale asiye na ndugu, na siku yako ikifika majivu yako yanazikwa hapo hapo. Lake lilikuwa la fundi saa mmoja. Sisi tuliofanya kazi naye tulimtania kwamba ameanza kujenga nyumba kwa chumba cha kulala.

Sharti lilikuwa ua wa vichaka vifupi unaozunguka kaburi ukae vizuri. Ofisi ikikuta umeharibika, kaburi anapewa mwingine.

Mwanzoni mwa Juni akatokea Bodil, mjane wa mtaa wa pili. Jua likiwaka, watu huja kuliota katikati ya makaburi, na Bodil alilipenda jiwe la fundi saa kwa sababu linashika joto. Kila siku aliegemea jiwe, akafuma soksi, miguu kaipumzisha juu ya ua. Ua ukaanza kulala.

Mtu mwingine angemwomba asogee. Torkild aliona haya kumsumbua. Alimwagilia maji kumzunguka, akakata vichaka kushoto na kulia kwake, akagusa kofia, akaenda zake. Tulimwambia hata marehemu angekuwa ameshasema kitu.

Kisha ofisi ikatangaza ukaguzi siku ya Ijumaa. Asubuhi hiyo Torkild alisimama na mkasi mbele ya ile miguu, akakohoa mara mbili.

"Wewe bwana," Bodil alisema, macho kayafumba, "wiki ya tatu hii unanimwagilia miguu, na haijaota. Ukitaka niondoke, sema. Ukitaka nibaki, lete kahawa."

"Hapo ndipo nitakapozikwa," Torkild akasema. "Na leo wanakuja kuninyang'anya."

Bodil akainuka, akaona alama za visigino vyake kwenye ua. Mkaguzi alipofika, aliwakuta wote wawili wamepiga magoti, wakiinua matawi na kuyafunga kwa uzi mwekundu wa soksi. Aliutazama uzi ule kwa muda, akauliza nani anatunza kaburi hili.

"Sisi," Bodil akasema.

Torkild akakohoa tena, lakini hakukanusha. Mkaguzi akaandika majina mawili, maana nafasi ya majivu ya watu wawili ipo.

Wengine huanza kwa kualikana kahawa. Kwa hawa kahawa ilifuata baadaye, na hadi leo Torkild huileta kimya, akaiweka karibu na miguu ya Bodil.