Fungate ya mwendesha becak aliyezoea kuwangoja maharusi nje

Saa tatu asubuhi, Ngadino anafuta kiti cha becak yake kwa mara ya pili, ingawa kilishakuwa safi tangu mara ya kwanza. Amevaa shati la batiki lililopigwa pasi likanyooka, na viatu ambavyo kwa kawaida hutoka kabatini siku ya Idi tu.

Wenzake waliopanga becak zao kando ya barabara ya Malioboro, hapa Yogyakarta, wanamtazama wakitafuta pa kuanzia. Hawachelewi kupapata.

"Pak Dino, abiria wako ameshalipa, au leo unakanyaga kwa ajili ya thawabu?" anauliza Mujiyo, jirani yake wa kijiweni wa miaka mingi, akitumia Pak, yaani baba au bwana.

"Mwacheni," anadakia mwingine. "Fungate ya uzeeni hiyo. Bu, mwambie aende polepole, pumzi zenyewe anazo za kuazima."

Abiria anayeitwa Bu, yaani mama, ni mke wa Ngadino, Suparti, mwanamke mfupi mwenye mikono imara ya mtu anayeosha soya kila siku. Wana wiki nne tangu wafunge ndoa.

"Pumzi anazo," anajibu, huku akipanda na kuketi. "Akili ndiyo bado naichunguza."

Kijiwe kizima kinacheka. Ngadino anacheka pia, kisha anakanyaga.

Ana umri wa miaka hamsini na sita, na zaidi ya nusu yake ameimaliza nyuma ya becak, lile guta la magurudumu matatu ambalo abiria huketi mbele na mwendeshaji hukanyaga nyuma yake. Wateja anaowapenda kuliko wote ni maharusi.

"Maharusi hawana haraka," anasema. "Wanataka kuona vito vya fedha, batiki, nyumba za kuuzia michoro, halafu wakale. Na bibi harusi akishika kitu, bwana harusi hathubutu kusema ni ghali."

Nauli ya mzunguko huo haizidi rupia elfu ishirini, ambazo ni sahani moja au mbili za wali. Riziki yenyewe iko madukani. Akifikisha wageni, mlinzi wa mlangoni humpa kibao kidogo chenye namba. Wageni wakinunua, namba ile huandikwa, na jioni hupokea fungu lake. Siku nzuri hufikisha elfu themanini. Siku mbaya, ambazo zimezidi tangu becak za injini zijae mjini, hurudi na nusu yake au na jasho tupu. Wageni hawaambiwi habari ya kibao, wala hakuna anayeona haja ya kuwaambia.

Suparti alikutana na Ngadino sokoni. Kila alfajiri alikuwa akishuka na vikapu vya tempe, mikate ya soya iliyochachushwa, kutoka kijijini kwao Kulon Progo, na Ngadino akawa mbebaji wake. Mke wa kwanza wa Ngadino alishafariki. Mume wa kwanza wa Suparti yu hai, tena ananenepa, lakini waliachana zamani.

"Yule alikuwa na tabia ya kunipeleka mahali," anasema Suparti. "Twende kwa fulani, twende mnadani, twende tukaone shamba. Baadaye nagundua nilipelekwa kwa faida yake. Ng'ombe wangu wawili walikwenda hivyo hivyo, huku nikitembezwa."

Kwa hiyo alipoposwa alitoa sharti. Ndoa itafungwa, lakini yeye atabaki kijijini na tempe zake hadi auone mji nje ya soko na amwone mume huyo akiwa mjini. Ngadino akaomba wiki moja, wiki ya fungate, amtembeze alikotembeza maharusi wa watu wengine. Jumapili ndiyo siku ya jibu: Suparti atahamia mjini au atarudi kwao. Leo ni Alhamisi.

Mwandishi wa makala haya aliwafuata kwa baiskeli ya kuazima, na ni haki kusema kwamba Ngadino, aliyebeba mtu, alikuwa akimngoja mwandishi kwenye kila kona.

Kituo cha kwanza ni duka la vito vya fedha, mtaa wa Kotagede. Suparti anaonyeshwa pete, anauliza bei, anaambiwa.

"Hiyo ni mbuzi," anasema kwa upole. "Tena mwenye mimba."

Wanatoka mikono mitupu, wote wawili wakicheka. Ngadino anasema kwamba moyoni alishaanza kuihesabu Jumapili kuwa yake.

Kisha wakaenda kwenye duka la batiki.

Ni duka kubwa, la baridi ya mashine, vitambaa vimepangwa kutoka sakafuni hadi darini. Suparti anatembea taratibu, anashika hiki, anaacha kile, mpaka anafika kwenye kitambaa cha kahawia cha sidomukti, kile wanachovaa maharusi. Katika harusi yao alivaa cha kuazima kwa dada yake. Anakikunjua. Ngadino anasogea karibu na kumwambia kwa sauti ya chini, akimwita Dik, yaani dada mdogo:

"Dik, rangi hii ilikuwa inakungoja wewe."

Shingo ya Suparti iliona haya kabla ya uso. Akakikunja kitambaa na kukipeleka mwenyewe kaunta, na kutoa fedha zake za tempe.

"Bu, umeletwa na dereva yupi?" akauliza msichana wa kaunta, kama anavyowauliza wote.

"Nimeletwa na mume wangu."

Msichana akamtazama Ngadino aliyesimama nyuma, akaona alichoshika. "Oo, ni wa Pak Dino," akasema, akaandika. "Namba kumi na nne."

Suparti akageuka. Kibao kilikuwa mkononi mwa mumewe. Alikuwa amekipokea mlangoni kama anavyokipokea siku zote, na alikuwa akikizungusha vidoleni kama mtu anavyochezea funguo zake.

"Sikukiona," anasema Ngadino. "Naapa, nilikuwa nimekishika na sikukiona. Yule mlinzi alinyoosha mkono, nami wangu ukanyooka."

Suparti alirudisha kitambaa kaunta, akachukua fedha zake, akamshukuru msichana na kutoka.

Mwanamke wa Kijava akikasirika hasa hapandishi sauti. Anazidisha adabu. Mpaka hapo Suparti alikuwa akimwita mumewe Mas, yaani kaka, kama mke anavyomwita mume, na kuzungumza naye lugha ya nyumbani. Alipoketi tena kwenye becak, alihamia lugha ya juu, ile ya kuzungumzia na wakwe na maofisa.

"Samahani kwa usumbufu, Pak Ngadino," alisema. "Kama bado kuna mahali pa kwenda, mimi nafuata tu, Pak."

Ngadino alikanyaga. Anasema angependa kupigwa na kiatu kuliko kuitwa vile. "Abiria wa kawaida huniita Pak Dino. Yeye akaniita kwa jina zima, kama ananisoma kwenye jiwe la kaburi."

Nyumba ya michoro iko upande wa kusini wa mji, ndani ya kichochoro. Nje yake becak tatu zilikuwa zimeegeshwa, na Mujiyo, aliyekuwa amewaleta wageni wake kwa njia ya mkato, alikuwa amejinyoosha ndani ya yake.

"Vipi, mbona maharusi mmenuna?" akauliza. Kisha akaona uso wa Suparti, akajifanya amesinzia.

Mlinzi alinyoosha kibao. Safari hii Ngadino aliweka mikono yake nyuma.

"Sina mgeni leo."

"Na huyu?"

"Huyu ni mke wangu. Naingia naye."

Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kupita meza ya mapokezi. Aliwaambia mamia ya maharusi kwamba hii ndiyo nyumba bora ya michoro mjini, kwa kuwa ndiyo iliyotoa fungu nono. Alivua viatu vyake vya Idi, akavipanga kando ya kandambili za mkewe, na kuingia kama mtu anayeingia msikiti wa ugenini.

Walisimama mbele ya mchoro mkubwa uliokuwa mwekundu kote, bila mtu wala mti.

"Tafadhali nielimishe, Pak," alisema Suparti. "Huu ni mchoro wa nini?"

"Sijui."

"Lakini wageni unawaleta hapa."

"Nawaleta. Halafu nalala nje." Ngadino aliutazama tena ule mchoro. "Mimi naona kama mtu kamwaga pilipili."

Mdomo wa Suparti ulitaka kucheka. Aliubana.

"Na yale maneno ya dukani, kwamba rangi ilikuwa inaningoja. Nayo ni ya kibao?"

Angeweza kukataa. Hakuna shahidi ambaye angemsaliti, hata Mujiyo, ambaye hutumia maneno hayo hayo kwa wateja wake.

"Ndiyo," alisema Ngadino. "Nimewaambia wengi."

"Wangapi?"

"Kila bibi harusi aliyekalia kiti kile."

"Na walinunua?"

"Wengi wao."

"Basi ni maneno mazuri. Hata mimi nilikuwa nimeshatoa pesa. Sasa niambie kitu ambacho hujamwambia bibi harusi yeyote."

Ngadino, anayejulikana kijiweni kwa mdomo usiokauka, alizungusha vidole vitupu hadi msichana wa pale akaja kuuliza kama wanahitaji msaada. Alipoondoka, ndipo aliposema, huku akiutazama mchoro badala ya mkewe:

"Naogopa Jumapili. Utasema unarudi kwenu, na mimi nitaona aibu kukuomba ubaki. Nitasema sawa, safari njema. Nitakubebea vikapu mpaka kituoni. Halafu nitarudi chumbani, na sijui nitakaaje na mtu yule."

"Mtu gani?"

"Mimi."

Suparti alizunguka chumba kizima, mchoro baada ya mchoro, akaitazama yote kwa zamu kama mtu anayekagua soya kabla ya kuiloweka. Kisha akaenda mlangoni, akavaa kandambili zake, akasogeza viatu vya mumewe karibu kwa mguu.

"Mas," alisema. "Twende tukale. Njaa inaniuma."

Walikula wali na gudeg, mchuzi wa fenesi bichi, kwenye benchi la mama lishe, na ndipo mwandishi alipowauliza kuhusu Jumapili.

Ngadino alisema kesho atapokea tena kibao, kwa sababu mtu hali aibu. Ila anafikiria kuwaambia wageni mapema ni duka lipi linamlipa. Mujiyo ameshamwambia ni wazimu. Kwa sasa anatafuta nyumba ya kupanga yenye uwanja wa nyuma, chini ya rupia laki tano kwa mwezi. Wenye nyumba wawili wamemkatalia kwa kuogopa harufu ya soya iliyolowekwa, na jioni hiyo alikuwa anakwenda kumwona wa tatu.

Suparti ndiye aliyekuwa na jibu lenyewe. Alilitoa akiwa ameangalia sahani yake, kwa lugha ya nyumbani.

"Nitahamia, nijaribu mpaka Idi. Anipeleke popote anapotaka, kupanda becak napenda. Ila aniambie kabla hatujaondoka yeye anapata nini huko. Kama anachopata ni kukaa na mimi tu, hilo pia aliseme, asione haya."

Ngadino aliweka kijiko chini.

"Leo jioni nakwenda kuona nyumba," alimwambia. "Twende wote. Nikienda peke yangu, nakaa na mtu yule."