Adhana Iliyobaki Kwenye Programu ya Bure

"Na sauti ya marehemu imehamia huku?" Bibi mmoja wa Kisarawe alimuuliza fundi simu pale Misugusugu. Kabla ya hapo, programu ya bure ya kurekodi sauti kwenye simu yake ilikuwa imejaa, ikamwambia bibi achukue ile ya kulipia. Akailipia, kisha akaifuta ya zamani, kama anayehama nyumba na kurudisha ufunguo. Katika hiyo ya zamani ndimo ilimokuwa sauti ya marehemu mumewe, akiadhini.

"Bibi, zile ni programu mbili tofauti. Ulipoifuta ya zamani, na sauti ilifutika."

"Mbili? Si zina jina moja, mwanangu?"

Bibi akaiweka simu sikioni, akasikiliza kama adhana itasikika.

Wenye programu wanaita hivyo kuboresha! Bibi amekosea nini? Ninyi mnaotengeneza programu, nawaomba: mtu alipie humohumo alimohifadhi vitu vyake.