Pigo la Imran

Sauti ilianza kabla ya chai ya asubuhi. Tok. Kimya. Tok. Ilipanda kutoka chumba cha chini cha nyumba yetu ya Thornhill, ikapita kwenye mabomba ya hewa, ikanifikia kitandani kama mtu anayebisha hodi kwa adabu na hafunguliwi. Binamu yangu Imran alikuwa ameuvisha soksi mpira wa kriketi, akauning'iniza kwa kamba kwenye boriti, kati ya mashine ya kufulia na madebe ya achari ya Mama, na kila siku alisimama mbele yake akiupiga kwa gongo, taratibu, bila kuchoka. Chumba kile kilinuka mafuta ya kitani aliyolipaka gongo lake, mafuta mazito yaliyochanganyika na harufu ya ndimu na pilipili na sabuni ya unga. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Niliamini kwamba hakuna nyumba nyingine Kanada nzima iliyoamshwa na mtu mashuhuri.

Imran alikuwa mtoto wa shangazi yangu, dada yake Baba, aliyeolewa Uingereza. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja tu, na tayari kazi yake ilikuwa kuipigia mpira klabu moja ya kaunti huko. Baba, aliyezaliwa Tanga na aliyefanya kazi katika ghala la vipuri kule Downsview, aliwahi kupeleka kazini picha ya gazeti ya siku Imran alipofikisha mikimbio mia katika mchezo mmoja, akawaonyesha watu ambao hawakujua hata kriketi huchezwa na wangapi. Tuliambiwa sisi watoto wa ukoo kwamba Imran amekuja kubadilisha hewa: atacheza kiangazi kizima na klabu ya hapa Toronto, kisha arudi, na klabu yake iamue kama itaendelea naye. Nyumbani wazazi walisema Kiswahili nami nikajibu Kiingereza, kama watoto wote wa hapa. Imran alikuwa amelelewa na bibi yetu, aliyeishi nao huko Uingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha kizee, cha jikoni, cha "ewe mwanangu" na "hebu sogea." Nikimjibu Kiingereza alijifanya kiziwi. Kwa hiyo lugha hii ninayoiandika leo iliniingia kinywani kiangazi kile, kwa sababu nilitaka anisikie.

Jioni, Baba akirudi kazini, tulicheza kwenye ua wa nyuma. Mimi nilirusha mpira wa tenisi, Imran akapiga, Baba akaokota penye uzio. Sijawahi kuona tena mikono kama ile. Aliupiga mpira kana kwamba anauelekeza njia; ulikwenda kulia penye nyanya za Mama, ulikwenda kushoto penye baiskeli yangu, ulipita juu ya bega lake mwenyewe. Ilinichukua wiki mbili kugundua kwamba haukurudi hata mara moja kule ulikotoka. Nikirusha mpira mrefu, mnono, ulionyooka, ule ambao mpigaji yeyote huomba apewe, Imran aliuzima chini ya miguu yake, ukafa kwenye majani.

"Mbona hunipigii mimi?" nilimuuliza.

"Wewe mdogo."

"Mpira wa tenisi hauumizi, Kaka."

Akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Baba akasema leo imetosha, twende tukale.

Kila Jumapili asubuhi, kabla hatujaenda madrasa, Imran alishuka chini na kupiga simu Uingereza. Simu ya jikoni na ile ya chini zilikuwa laini moja. Jumapili moja niliinua mkonga wa simu ya jikoni, nikijua vizuri kwamba sitakiwi. Nilimsikia Imran akieleza kwa Kiingereza habari za hali ya hewa, za barabara pana, za binamu yake mdogo anayerusha mpira kwa mkono uliopinda. Alicheka peke yake. Upande wa pili hapakuwa na neno. Palikuwa na pumzi tu: inaingia kwa tabu, inakwama, inatoka na sauti ya majimaji. Imran alisubiri kama mtu anayesubiri jibu, kisha akaendelea na habari nyingine. Mwishoni sauti ya mwanamke mzima ikasema, "Amechoka sasa, Imran. Asante, mwanangu. Anafumbua macho akikusikia." Nilirudisha simu mahali pake polepole sana, na siku nzima nilihisi pumzi ile sikioni, yenye joto.

Nilimwambia Mama, kwa sababu sikuweza kukaa nayo. Aliacha kukanda unga. Akanieleza kwamba Imran alikuwa na rafiki, Danny, waliyelelewa naye katika klabu ileile tangu utotoni. Majira ya baridi yaliyopita walikuwa wakifanya mazoezi ndani ya ukumbi, Danny akirusha, Imran akipiga. Imran aliupiga mpira mmoja moja kwa moja, pigo zuri, na ukampata Danny kwenye panja, kando ya jicho, kabla hajainua mikono. Danny hakusema tena tangu siku hiyo.

"Hakuna mwenye kosa," Mama alisema. "Lakini usimwambie mtu. Hata msikitini. Umenisikia, Zehra?"

Nilimsikia. Nilinyamaza wiki tatu. Kisha Sakina, rafiki yangu wa madrasa, akaniambia mbele ya wenzetu kwamba kaka yake, Abbas, anayerusha mpira kwa klabu nyingine ya hapa, amemwona Imran akicheza, na kwamba yule mnayemsifia ni mwoga. Mpira ulionyooka anaukwepa kama paka anavyokwepa maji. Damu ilinipanda. Nilimvuta Sakina hadi kwenye rafu za viatu nikamwambia yote, Danny, panja, simu, hata ile sauti ya pumzi. Niliyasema kumtetea Imran. Nakumbuka pia, na hili sijalisema kwa watu wengi, kwamba nilifurahi kuona macho ya Sakina yakitanuka.

Mwezi wa nane klabu ya Imran ilikutana na ya akina Abbas. Baba aliomba ruhusa kazini. Tulikaa kwenye viti vya kukunja kandokando ya uwanja, Mama akigawa kababu, jua likichoma mashavu. Imran alikuwa ameshapata mikimbio sitini na kitu, yote ya kulia na kushoto, na mzee mmoja nyuma yetu alikuwa akisema kijana huyu anacheza kama anayeandika. Ndipo Abbas akapewa mpira. Kabla ya kurusha, alitembea hadi karibu na Imran akamwambia jambo, kichwa kimeinama. Tulikuwa mbali, hatukusikia. Mimi peke yangu nilijua ni jambo gani. Niliirudisha kababu kwenye sahani.

Abbas akarudi, akakimbia, akaurusha polepole, mrefu, ulionyooka. Imran akasogeza mguu mbele na kuupiga moja kwa moja. Sijawahi kusikia sauti safi kama ile. Abbas alijitupa chini, mpira ukapita palipokuwa na kichwa chake, ukaenda hadi mpakani, mikimbio minne kwa pigo moja. Watu walisimama wakishangilia. Baba alikuwa akilia. Imran aliliweka gongo lake chini kwa uangalifu, kama unavyolaza mtoto. Alitembea hadi kwa Abbas, akapiga magoti, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kukipapasa, huku na huku, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Abbas alikuwa akirudia kitu na kutikisa kichwa. Kisha Imran akainuka, akatoka uwanjani akatupita, akaenda kuketi ndani ya gari letu.

Nyumbani alinikuta kwenye ngazi.

"Zehra, ulimwambia mtu habari za Danny?"

"Hapana," nilisema. "Wallahi, hapana."

"Sawa," akasema, akapanda juu kufunga sanduku.

Hakucheza tena kriketi, si hapa wala Uingereza. Danny alifariki baada ya miaka miwili, na shangazi alisema Imran alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Leo ana duka la miwani katika mji uleule wa klabu yake, na watoto watatu ambao hawajui kwamba baba yao aliwahi kuandikwa gazetini. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilijua ni nani aliyemwondoa uwanjani. Nilijua nikiwa darasani, nilijua siku ya harusi yangu alipotuma salamu, nilijua nikiwa kwenye treni ya asubuhi kutoka Weston kwenda kazini, mtu akipumua kwa tabu kiti cha nyuma yangu na mimi nikashuka kituo kisicho changu.

Mwaka jana Baba alifariki, naye Imran akaja kwa mazishi. Ana mvi sasa, na tumbo. Siku ya tatu, baada ya khitma, wageni wakiwa wanavaa makoti, tulikuwa jikoni tunakausha vikombe nikamwambia. Nilimwambia na uongo wa ngazini pia, na kile kiapo.

"Najua," alisema. "Nilijua siku ileile."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, Zehra. Ningekusema nini?"

Kisha akaniuliza kama najua Abbas alimwambia nini. Nikasema alikutukana, alikukejeli kwa habari za Danny. Imran akatikisa kichwa. Abbas alimwambia pole kwa rafiki yako. Alimwambia, nitakurushia mmoja ulionyooka, upige kwa nguvu zako zote, mimi najua kukwepa, usiogope.

"Nikaupiga," Imran alisema. "Na nilifurahi. Mpira ulipotoka kwenye gongo nilifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu, wala sikumkumbuka Danny hata kidogo. Ndiyo maana nilitoka." Alikiweka kikombe kabatini, akachukua kingine.

Nilikuwa nimetarajia kwamba siku nikisamehewa nitapata nafuu. Lakini hatia ilikuwa imenipa nafasi yangu katika kisa kile, na sasa nafasi hiyo haipo. Kimebaki kisa chenyewe, na hakina wa kulaumiwa. Siku hizi Toronto imejaa kriketi. Chini ya ghorofa yetu, kwenye nyasi za kando ya mto Humber, watoto wa majirani hucheza kila Jumamosi kwa mpira waliouviringishia utepe wa mafundi umeme, na binti yangu, ana miaka tisa, hurusha. Wakati ule, kwenye ua wa Thornhill, sikujua kwamba kuna kitu cha kuogopa. Sasa nasimama dirishani ghorofa ya sita, na kila mpigaji anaposogeza mguu mbele, natamka "inama" kwa sauti ya kawaida, ndani ya nyumba tupu, mahali ambapo binti yangu hawezi kunisikia. Anageuka, anacheka na wenzake, anakimbilia mpira.