Filamu Tuliyoikatiza

Kazi yangu ni kuwawekea watu filamu kwenye flashi na simu, hapa Nachingwea mjini, katika kibanda kilichobanana na cha fundi viatu. Mteja akija hataji jina la filamu. Anasema nipe ya ngumi, nipe ya mapenzi, nipe ya kutisha. Nami nimezipanga hivyo hivyo kwenye kompyuta, na nilikuwa najiona mtaalamu hasa. Za kutisha ndizo zilizonisumbua. Nyingi zimetafsiriwa Kiswahili, na anayetafsiri hana adabu: mzimu unatokea ukutani, yeye anausemea kana kwamba umekuja kuulizia ugali uliobaki. Kesho yake mteja anarudi kunilaumu kwamba amecheka mpaka mbavu zimemuuma. Sasa hiyo niiweke wapi?

Aliyenivurugia kabisa mpangilio wangu ni mama.

Mama aliishi Chunyu, kule Ruangwa, peke yake tangu baba alipofariki. Msimu wa korosho ukiisha nilikuwa napanda bodaboda na laptop mgongoni, tunakaa ndani mchana jua likiwa kali, tunaangalia filamu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo nilimfafanulia kwa Kimwera. Za ngumi zilimchosha. Za mapenzi ndizo alizoziita za kutisha. "Watu wanaoana hata wajomba hawajui! Wewe huoni hatari hiyo?" Nilikuwa nacheka. Leo natamani kuisikia tena ile sauti yake ya kukemea, hata kama ananikemea mimi.

Siku moja nilimwekea filamu niliyokuwa naiogopa mwenyewe. Mwanamke aliyekufa anarudi nyumbani kwake kila jioni, anasimama mlangoni, na watoto wake wanajificha chini ya kitanda. Nikamtazama mama nione kama ameshtuka. Alikuwa analia.

"Mbona hawamuulizi anataka nini? Huyo si mama yao?"

Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na unga wa mtama kiganjani. Akachuchumaa, akaumimina taratibu mbele ya laptop, huku akimwambia yule mwanamke maneno ya tambiko, yale yale tunayowaambia wazee wetu waliotangulia. Karibu, tupo, hatujakusahau. Unga ukaingia kwenye vitufe.

Nikapandwa na hasira. "Mama, huyo ni mwigizaji! Yuko hai, anakula na kunywa! Utaniharibia kitendea kazi!" Nikaizima laptop na kuanza kuipuliza. Mama akajifuta mikono kwenye kanga, akauliza kwa upole, "Lakini baba, walimpokea?"

Nikaendelea kupuliza. Nilikuwa na shughuli na vitufe vyangu.

Tangu hapo kila nilipompigia simu, akishamaliza kuulizia wajukuu, aliulizia na yule mwanamke. Walimpokea? Nikawa nasema nikija tutaimalizia. Biashara ikanibana, mwezi ukaenda, na mwingine. Mvua zilipoanza mama akaugua siku tatu tu, akaondoka.

Mwisho wa filamu ile niliujua siku zote. Watoto wanaleta mtu wa kumfukuza, naye anafukuzika, na nyumba inabaki na amani. Ningeweza kumdanganya mama kwa neno moja, kwamba wamempokea, akafurahi na kulala vizuri. Sijui nilikuwa nambania nini. Ile filamu nimeitoa kwenye za kutisha na sijapata pa kuiweka. Mteja akiitaka namwambia imefutika.

Baada ya arobaini ndugu walitawanyika, mimi nikabaki kwenye nyumba yake nikisingizia kupanga vyombo. Mchana nilikaa pale pale tulipozoea kukaa, mlango nimeuacha wazi. Kivuli kikipita kizingitini nainua kichwa. Ni kuku. Ni jirani amekuja kurudisha kinu. Nikawa nawajibu watu vibaya bila sababu, kwa kuwa tu si yeye.

Siku ya tano mjomba wangu, kaka yake mama, alikuja kuniangalia. Akasimama nje akizungusha macho humo ndani, hataki kuingia.

"Hivi wewe, huogopi kukaa humu peke yako?"

"Naogopa, mjomba," nikamwambia. "Naogopa hatakuja."