Kinachobaki kwenye Sahani

Kwa miezi mitatu ya mwanzo, kila aliyekula kwenye mkahawa wangu pale Barking, huku ughaibuni, aliniambia chakula ni kitamu, na karibu wote hawakurudi. Ningeona afadhali wanitukane. Mtu akisema biriani ni mbaya, unajua pa kuanzia. Akilamba vidole, akasema "mashallah", kisha akapotea kabisa, unaanzia wapi?

Nilikuwa na meza nne na mkataba wa majaribio wa miezi sita. Ukiisha, ama nitie saini ya miaka mitano, ama nirudishe funguo na nirudie kazi ya kuwaogesha wazee majumbani mwao. Kazi ile niliifanya miaka kumi na moja. Sikuidharau, lakini mgongo ulishanigomea.

Viungo vyangu vilitoka Queensbury, upande wa pili wa jiji, kwa mzee mmoja wa Kigujarati mwenye duka, mzaliwa wa Mombasa kama mimi. Siku moja aliponiletea iliki nikamlalamikia. Akauliza nani anaondoa sahani mezani. Nikamwambia ni mimi, mbio mbio, na mabaki nayamwaga bila kutazama.

"Mama, watu wetu wana haya," alisema. "Ukiwauliza watasifu tu. Tazama wanachobakisha."

Basi nikawa mpelelezi. Kwanza niliishuku chumvi, halafu karafuu, halafu mchele wenyewe. Siku moja, astaghfirullah, nilijificha nyuma ya friji nikaonja mabaki ya mtu. Yalikuwa matamu! Nikazidi kuchanganyikiwa, na nikiri, nikazidi kunogewa na uchunguzi wangu.

Wiki ya pili ndipo nikaona. Mabaki hayakuwa yametapakaa. Yalikuwa kilima kidogo cha wali, safi, hakijaguswa na mchuzi, na kila mara kiko ukingoni mwa sahani, upande wa kulia. Nikajiuliza ni mlaji gani anayekula namna hiyo. Nikaweka sahani tupu mezani, nikasimama ninaposimama siku zote nikipakua, na mkono wangu wenyewe ukaenda pale pale ukingoni.

Ulikuwa wali niliowaongezea mimi. Kwetu, mgeni kukaa na sahani tupu ni aibu ya nyumba, kwa hiyo nilikuwa nikizunguka na sufuria, "Bado hujala wewe, ongeza," na kabla mtu hajameza tonge nimeshampakulia tena. Kumuuliza kama anataka hakukunijia kabisa.

Bado nilitaka kuyasikia kwa mtu. Nikakutana kituo cha basi na muuguzi mmoja Mkenya aliyewahi kuja mara mbili akapotea. Nikamuuliza waziwazi kilichomfukuza.

"Aunty, usikasirike," alisema. "Break yangu ni thirty minutes. Nikimaliza unaniongezea. Nikiacha naona aibu, nikila nachelewa job. Siku hizi napitia ile side ingine ya barabara ndio usinione."

Masikio yaliniwaka moto. Mtu anavuka barabara kuukimbia ukarimu wangu! Niliona haya, nikacheka, nikamwomba aje kesho yake.

Alikuja. Nikampakulia mara moja, nikamwambia akitaka zaidi aseme, kisha nikarudi nyuma ya kaunta. Sahani yake ikabaki tupu. Nilihisi namnyima mgeni chakula. Nikajishughulisha kufuta glasi zilizokwisha kukauka. Akanawa, akaaga, akaenda zake, na mimi nikaingia jikoni nikalia kidogo, sijui kwa nini hasa.

Tangu siku hiyo sikumwongezea mtu bila kuombwa, ila mkono uliniwasha. Mwezi wa sita ulipokaribia kwisha, mkataba wa miaka mitano ukiwa bado mezani kwangu bila saini, muuguzi yule akaingia tena, bila kuitwa. Akala, akamaliza, akatazama saa. Kisha akainua sahani yake kunielekea.

"Aunty, niongezee kidogo."