Mitambo ya Sauti Siku ya Kumzika Mwaitu

Mwaitu, ndivyo tulivyomwita mama yetu, alizikwa nyumbani kwetu Kangundo siku ya Jumamosi, na mitambo ya sauti niliifunga mimi. Dada yangu mkubwa alikataa.

"Wewe ni mfiwa. Keti na sisi mbele. Tutatafuta mtu mwingine."

Nilimwambia mtu mwingine hajui vyombo vyangu. Ukweli ni kwamba sikujua ningekaaje kwenye kiti kile bila kitu mikononi.

Asubuhi nilisimamisha spika mbili kando ya hema, nikaweka miksa, chombo cha kuchanganyia sauti, juu ya meza iliyotolewa jikoni. Nilipowasha, spika zikavuma mfululizo kama mzinga wa nyuki. Sababu niliijua, umeme ulitoka sehemu mbili: miksa nilikuwa nimeichomeka kwenye soketi ya nyumba, amplifaya kwenye jenereta. Nikaihamishia miksa nayo kwenye jenereta, mvumo ukaisha. Jirani mmoja akanishika bega, akasema pole. Nikamwomba asikanyage waya.

Jeneza lilifika nikiwa bado napima maiki. "Moja, mbili. Moja, mbili." Watu wakasimama. Nami nikashusha sauti ya spika, nikangoja kilio kinipate. Hakikunipata.

Dada alipokuja kusoma wasifu wa marehemu, midomo yake ikacheza na spika zisitoe kitu. Vichwa vikageuka kunitazama. Nikakagua kuanzia mwanzo, vile nifanyavyo kwenye harusi za watu. Chaneli ya maiki yake haikuwa imezimwa. Sauti ilikuwa imepandishwa. Lakini taa ya chaneli hiyo haikuwaka hata kidogo, maana yake sauti haikuwa ikifika kwenye miksa. Basi ni maiki au waya. Nikachukua waya mwingine, nikatembea hadi mbele, nikapita kando ya jeneza, nikabadilisha. Taa ikawaka kijani.

"Iko sawa sasa?" dada akauliza, na swali lake likasikika hadi barabarani.

Alisoma karibu robo saa. Nilimsikiliza kwa hedifoni, nikipunguza pale sauti ilipokwaruza, nikiongeza alipoanza kuzama kwa kilio. Pumzi zake zote nilizisikia. Maneno ndiyo sikuyashika.

Jioni, nikikunja waya, dada alikuja na kikombe cha chai.

"Ulisikia nilichosema juu yako?"

"Nilisikia ulikuwa karibu sana na maiki."

Aliketi juu ya spika. Huwa simruhusu mtu kukalia spika. Nikaendelea kukunja waya.

"Nilisema Mwaitu hakuitupa ile redio uliyoibomoa ukiwa darasa la nne. Iko chini ya kitanda chake, kwenye mfuko, pamoja na skrubu zake."

"Mbona hakuitupa?"

"Alisema kuna siku utakuja kuifunga tena."

Nikanywa chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi. Nilitamani kulia, angalau ili dada aone, lakini macho yalikuwa makavu kama ya mtu anayesoma tangazo ukutani. Akaanza kunisaidia kukunja waya, akiuzungusha kwenye kiwiko, jambo linaloharibu waya, nikamwacha.

Redio niliichukua, nikaja nayo Mlolongo ninakokaa. Iko juu ya kabati, bado kwenye mfuko wake. Dada hunipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa. Huniuliza kama nimekula, halafu kama nimelia. Namwambia nimekula.